Besi Mwenye Kiungulia

Jumatatu, 3 Novemba

Kiungulia tena. Kilipanda katikati ya mazoezi ya kwaya, kikanikamata kooni kama mkono wa askari. Nilikusudia kutoa sauti nene ya besi. Ikatoka mbweu. Ndefu, yenye harufu ya nguruwe wa jana. Akina mama wa alto walitazama dari kwa adabu. Peniamina, besi mwenzangu na jirani yangu, hakutazama dari. Alininong'oneza kwamba kama nimeanza kuimba kwa lugha ya vyura, kwaya yangu iko bwawani.

Mwalimu Iopu alinibakiza baada ya mazoezi. Ni mtu mpole, ndiyo maana maneno yake huuma. Akanikumbusha kwamba Jumapili tunawaombea waliotutoka mwaka huu, na wimbo ni ule aliokuwa akiupenda mke wangu, Kereta. Besi anaanza peke yake, mstari mzima, kanisa lote kimya. Akasema hathubutu kuniachia. Jumamosi atatusikiliza wote wawili, mimi na Peniamina. Atakayefika mwisho wa mstari bila kukatika ndiye atakayeanza.

Miaka yote nilianza mimi, na mwisho wa mstari mke wangu akaingia na alto yake, taratibu, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Kereta alifariki mwezi wa nne. Nikianza mimi, atajua mahali pa kuingilia. Akianza Peniamina, sijui atauona wapi mlango. Ni wazo la kijinga. Sitamwambia mtu.

Mpango: kupona kabla ya Jumamosi. Nimemwomba shemeji Telesia, mdogo wake Kereta, amwulize nesi Lusia wa zahanati kama kuna dawa isiyogusa chakula.

Nimekunywa kakao kikombe kimoja tu. Kikubwa.

Jumanne, 4 Novemba

Jibu la nesi limefika kwenye simu ya Telesia. Yeye alikuwa anawahi kwenye kikundi cha kusuka mikeka, akaniachia simu nisome mwenyewe. Nesi kaandika hivi: jaza manava yako taratibu mpaka chini kabisa, subiri, kisha iachie polepole, mara tatu kabla ya kula.

Hapa nijieleze, asije mtu akaniita mlafi. Kwa lugha yetu manava ni tumbo. Ukiivuta ile a ya kwanza, inakuwa pumzi. Tofauti ni kistari kidogo juu ya herufi, na hapa kisiwani Savai'i hakuna anayehangaika na vistari kwenye simu. Nilisoma, nikarudia. Niliona tumbo. Nilifurahi kuona tumbo.

Dawa ya namna hii sijawahi kupewa maishani. Nikajaza. Kwanza magimbi ya kuoka. Nikasubiri. Pili shelisheli na tui zito. Nikasubiri. Tatu mikate ya nazi, ile ya kuelea kwenye mchuzi mtamu. Taratibu, mpaka chini kabisa, kama alivyoagiza. Palipoandikwa iachie polepole, nililegeza shuka kiunoni. Kisha nikala chakula chenyewe, maana yote hayo yalikuwa kabla ya kula.

Mchana kutwa nimeungua. Nililala chali mkekani, boriti za paa zikaelea juu yangu kama mitumbwi kwenye maji yaliyotulia. Nikawaza labda ndivyo dawa inavyofanya, inazidisha kwanza. Telesia aliporudi akauliza mbona nimeiva kama kamba wa kuchemsha. Nikamwambia ninatii maagizo. Akachukua simu, akasoma, akakaa chini. Alicheka mpaka akajifuta macho na ukingo wa nguo. Akaendelea kujifuta, na baadaye sikuwa na hakika kama bado anacheka. Ndugu hawa wawili walichota kicheko chao kisima kimoja. Kicheko kile kile kinachoanzia puani.

Akasema, "Shemeji, hivi dada yangu alikuwa anakuvumilia vipi?"

Nikamwambia sijui. Na kweli sijui.

Jumatano, 5 Novemba

Nesi Lusia amekuja mwenyewe, kwa miguu, chini ya mwavuli. Telesia alikuwa amemsimulia. Aliingia amebana midomo kama mtu aliyeficha peremende.

Akaniketisha wima kwenye nguzo ya nyumba. Mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Mkono wa kifuani ulale, akasema, wa tumboni ndio upande na kushuka. Kuvuta pumzi ni kama umesimama chini ya mlangilangi unanusa ua lake. Kuitoa ni kama unapoza kakao. Akanieleza kwamba chini ya mapafu kuna kiwambo cha nyama, nacho kinaikumbatia shingo ya tumbo. Kikilegea, maji makali ya tumboni yanapanda. Pumzi ya chini inakifundisha kushika, kama kamba kwenye mdomo wa kifurushi.

Nikasema basi nilikuwa sahihi, ni tumbo.

"Baba," akasema, "ni pumzi. Tumboni inapita kusalimia tu. Haikai kula."

Nahesabu nimepata nusu. Aliongeza mambo mengine: nile kidogo kidogo, nisilale nikishakula, nipunguze kakao na mafuta, nikilala niegemee ubavu wa kushoto na mto juu. Hayo sikuyasikia vizuri. Jogoo alikuwa anawika.

Alipoondoka nikajaribu. Nikanusa ua. Nikapoza kakao. Nikanusa, nikapoza. Upepo uliingia upande wa bahari ukatokea upande wa migomba, ukarudi tena, kana kwamba nyumba nayo imefundishwa na nesi. Nikamwona Kereta. Hakuwa anafanya lolote la ajabu. Alikuwa ameshika kikombe changu kwa mikono miwili, anapuliza. Kila asubuhi alinipulizia kakao kabla ya kunipa. Sikuwahi kumwomba. Viwimbi vidogo vilikwenda mpaka ukingo wa pili wa kikombe, vikarudi, ndipo akanisukumia. Mimi nilidhani kakao ya nyumba hii hutoka jikoni ikiwa vuguvugu.

Nilizinduka kidevu kikiwa kifuani. Jua limehama mkeka. Hakuna moto. Kweli kabisa, hakuna moto! Alasiri ya kwanza tangu sijui lini.

Nimefikia uvumbuzi. Kama pumzi inazima moto, basi pumzi ni akiba. Mtu akivuta za kutosha asubuhi, jioni anaweza kutumia. Nimevuta nyingi sana kabla ya chakula cha jioni. Nikala nguruwe kwa amani ya mtu mwenye haki yake.

Kiungulia kimerudi. Yaelekea nilihesabu vibaya.

Alhamisi, 6 Novemba

Habari kubwa. Nilipita nyuma ya kanisa, nikamkuta Peniamina peke yake, anatafuna vidonge vyeupe kama chaki. Midomo ilikuwa na vumbi. Akasema ni peremende. Nikamwambia peremende haimfanyi mtu akunje uso hivyo. Naye anaungua! Bwana mzima, mwenye kifua kama pipa, anaungua kama mimi. Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi. Mungu anisamehe ile furaha.

Mpango: kumpelekea chakula. Jirani akikuletea bakuli huwezi kulikataa, na ukishalipokea huwezi kuacha kula. Yeye ale mafuta leo, Jumamosi aungue, mimi niendelee na ua na kakao. Nilitengeneza majani ya magimbi kwa tui zito lisilotiwa hata tone la maji, vitunguu, na nyama ya kopo ndani yake. Nikayafunga, nikayaoka kwenye mawe. Nikayapanga kwenye bakuli kubwa la mbao la nyumbani, lile lenye masikio.

Nilichelewa kutoka. Nikiwa katikati ya njia kombe la baharini likapulizwa. Saa ya sala ya jioni, na hapa kwetu saa hiyo kila mtu lazima awe ndani. Barabara ikakauka watu papo hapo. Nikajitupa kwenye nyumba iliyokuwa karibu, na ikawa ya bibi Asenati, ambaye akianza kuomba haachi kisiwa nje wala ndugu aliyeko ng'ambo. Nikakaa na bakuli mapajani. La moto. Nikaona nitumie muda ule kwa mazoezi. Nikavuta pumzi ya chini kabisa, kama ninanusa ua la mlangilangi. Lakini hapakuwa na ua. Palikuwa na tui lililoshika rangi na vitunguu. Kadiri nilivyovuta kwa usahihi ndivyo lilivyozidi kuniita. Bibi alikuwa bado anawaombea walioko Nyuzilandi. Nikafungua kifurushi kimoja, kuhakikisha kimeiva.

Bibi Asenati akasema, macho yake yamefumbwa, "Aperaamo, Bwana anaona. Mimi nasikia tu unavyotafuna." Kisha akaendelea na mabaharia.

Nilimfikishia Peniamina nusu bakuli. Alishukuru kwa hotuba ndefu, kama kawaida yake, lakini macho yalilitazama bakuli jinsi mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Akala. Nilisimama nikahakikisha.

Mimi naungua pia. Lakini yeye zaidi, nadhani.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilisahau. Mjinga mimi, nilisahau jambo ambalo mtoto wa miaka mitatu analijua. Bakuli halirudi tupu.

Peniamina alilileta mwenyewe baada ya adhuhuri. Limejaa mgongo wa nguruwe, wenye mafuta ya unene wa vidole, na ngozi yake inalia ukiigusa. Akaliweka mbele yangu. Akakunja miguu. Akasema atapumzika kidogo, nisimjali, nile tu kingali cha moto. Alitabasamu. Yule bwana si mjinga.

Nikala. Kati ya tonge na tonge nikawa navuta pumzi. Akauliza ninanusa nini. Nikasema natoa shukrani. Akasema shukrani gani inayomwinua mtu tumbo. Nikajitetea. Katika kujitetea nikajikuta ninamfundisha! Sijui ilikuwaje. Mkono wa kifuani ulale. Wa tumboni upande. Ua, kakao. Akafuata kwa uangalifu, ulimi nje kidogo, kama anayetia uzi kwenye sindano. Tukakaa hivyo, wazee wawili wamejishika matumbo, na bahari huko kwenye miamba inavuta na kuachia, inavuta na kuachia. Sauti yake ilifika kwetu ikiwa imechelewa kidogo. Mvua ikanyesha upande mmoja tu wa uwanja. Nusu ya kuku walilowa.

Peniamina akasema usiku anakaa ameegemea nguzo kama gunia la nazi, maana akilala moto unamfikia masikioni. Nikamwambia na mimi hivyo hivyo. Tukacheka kidogo.

Nikamwuliza kwa nini anautaka mstari wangu. Nilidhani atanitania. Alitazama kuku.

"Maisha yangu yote mimi ni besi wa pili," akasema. "Siku zote nasikiliza wewe umeanzaje, ndipo nami niingie. Mara moja tu, Aperaamo. Nijue kukoje kutangulia."

Sikutegemea jambo hilo. Nilimwonea huruma. Nilitaka hata kumweleza habari za mlango, za Kereta kukosa pa kuingilia, lakini nikainuka kukusanya mifupa. Huruma ilinikaa mpaka nilipomaliza kuosha bakuli. Lilikuwa safi, linang'aa, na tupu, na bakuli halirudi tupu. Nikalijaza mikate ya nazi inayoelea kwenye mchuzi. Nikampelekea.

Jumamosi, 8 Novemba

Aibu.

Alitangulia Peniamina. Alisimama vizuri, kifua mbele. Sauti ikatoka pana, nikaogopa. Alipofika nusu ya mstari mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kifuani, macho yakatoka, sauti ikazama. Mikate ya nazi. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi kidogo, kisha nikamwona anatafuta kitambaa cha kujifuta midomo na hakipati.

Nikaitwa mimi. Nikanusa ua. Nikaanza. Lilikuwa jambo la ajabu: sauti ilitoka chini kabisa, pale nesi alipoonyesha, ikanibeba, sakafu ikawa mbali, madirisha ya rangi yakaogelea. Nikaona nimefika. Silabi ya mwisho tu ilikuwa imebaki. Ndipo mgongo wa nguruwe ukakumbuka kwamba bado upo.

Mwalimu Iopu aliweka paji la uso juu ya kinanda. Kinanda kikalia noti moja nene, ndefu, mpaka akainuka. Akasema basi. Kesho hakuna besi. Kinanda ndicho kitakachoanza.

Kinanda! Sikuwa nimefikiria hilo. Mimi au Peniamina, hayo tu ndiyo niliyowaza wiki nzima. Sasa Kereta atakuja asikute hata mtu. Nilitamani kusema na nikaogopa kitakachotoka.

Telesia ndiye aliyesema. Tangu mwezi wa nne yeye ndiye anayekaa kwenye kiti cha Kereta, na siku zote huimba kama anayeazima. Hakupandisha sauti. "Mwalimu, samahani. Dada yangu hakuwahi kuingia kwa kinanda. Aliingia kwa mtu."

Iopu alitutazama mimi na Peniamina, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepima mbao mbili zilizopinda. Akasema haya, tuanze wote wawili. Mmoja akipumua mwingine ashike. Na kama atasikia mtu amekula chochote kabla ya ibada, atamfukuza yeye na mwenzake.

Telesia akasema tusihofu, yeye ataangalia. Amepita nyumba zote mbili na kapu. Amebeba nyama za kopo zote, kakao, hata nazi. Bakuli nalo amelichukua, akasema ni la mama yake na limeteseka vya kutosha. Amenikatia papai na kuniachia maji. Nyumba imekuwa kimya sana. Jikoni hakuna hata kitu cha kufikiria.

Nimepumua. Nimejilaza ubavu wa kushoto, kwa kukosa la kufanya.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeamka bila moto. Nikajigusa kifuani, nikadhani labda nimekufa.

Kanisa jeupe tupu: magauni, kofia, mashati. Joto. Vipepeo vya mkono vinakwenda polepole, safu baada ya safu. Mchungaji akaanza kusoma majina. Nilikuwa nimejiandaa. Wiki nzima nimejiandaa. Lakini aliposoma Kereta, jina lake lilisikika kama la mtu aliyechelewa na anasubiriwa, nikageuza shingo kutazama mlangoni. Kisha sikuweza kupumua. Si kiungulia. Nilisahau tu jinsi inavyofanywa. Ua sikulipata, kakao sikuipata.

Iopu akainua mkono.

Peniamina hakunitazama. Aliuweka mkono wake wazi juu ya tumbo lake, mahali ambapo ningeuona. Ukapanda taratibu. Ukashuka. Ukapanda. Nikaufuata, kama siku zote yeye alivyonifuata mimi.

Tukaanza.

Katikati ya mstari pumzi yake iliisha, nikashika mimi. Karibu na mwisho yangu ikakatika, na si kwa sababu ya tumbo. Peniamina akashika. Mwisho wa mstari alikuwa peke yake, kanisa zima kimya, yeye tu ndiye anayelibeba. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Hakukatika.

Na alto ikaingia.

Alikuwa Telesia. Najua alikuwa Telesia, nilikuwa naiona kofia yake. Lakini leo hakuazima. Nilifumba macho, na mlango ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote, na mtu aliingia bila kubisha.

Baada ya ibada Peniamina alinishika mkono hakuuachia. Akasema kutangulia ni kubaya, unakuwa huna wa kumsikiliza. Akasema hata hivyo angependa kurudia.

Jumatatu, 10 Novemba

Kiungulia. Kikali.

Naandika sababu kwa usahihi, kwa faida ya baadaye. Watu wanadhani jana nilipona kwa sababu sikula. Telesia anadhani hivyo, Iopu pia. Wamekosea. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Ni pumzi iliyofanya kazi yote, njaa haikusaidia chochote, ilinipotezea nguvu tu. Ndiyo maana jana kwenye chakula cha mchana niliona ni haki nile cha Jumamosi, cha Jumapili na akiba ya leo.

Nesi Lusia amepita asubuhi na mwavuli wake. Aliuliza kimenisaidia nini. Nikasema mazoezi. Akafurahi sana. Akauliza habari za chakula. Jogoo akawika. Siku hizi anawika kwa wakati mzuri kweli.

Telesia karudisha kapu, ila amenitolea nazi mbili tu na kuniapisha. Nimepata nyingine kwa jirani.

Iopu ametangaza nyimbo za Krismasi. Kuna mmoja ambao tenori, sauti ya juu ya wanaume, anaanza peke yake. Sijawahi kuwa tenori. Lakini nimegundua kwamba sauti haikai kooni, inakaa kwenye kiwambo, na kiwambo changu sasa kimesoma. Pengine mtu akikijaza vizuri kutoka chini, sauti itasukumwa juu. Ni wazo tu. Nimelifanyia majaribio kwa magimbi.

Ninaandika haya nikiwa nimelala chali. Nesi alikataza kulala baada ya kula, lakini mimi sijalala. Nafanya mazoezi. Mkono wa kifuani umelala. Mkono wa tumboni unapanda, unapanda, uko juu sana. Boriti zinaelea. Peniamina amesimama ngazini na mguu mzima wa nguruwe kwenye jani la mgomba, anauliza kama mkekani kuna nafasi ya mtu wa pili.

Nimesogea.